Aiani 8 kwa nguvu zote au aiani 7 kwa utulivu? Kuchagua fimbo ya kuingilia grini kwenye upepo wa Ziwa Victoria

Uko kwenye kiwanja cha gofu, na bendera iliyo kwenye grini, yaani uga wa nyasi fupi sana wenye shimo, iko yadi 135. Aiani yako (fimbo yenye kichwa cha chuma) ya 8 ikipigwa sawasawa inafika 130, ya 7 inafika 140, na fimbo ya 135 haimo mfukoni. Hapo wachezaji wa ridhaa hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaochomoa 8 na kukaza meno, na kuna wanaochomoa 7 huku wakijiambia "polepole". Kedi, yaani mbeba fimbo wako, kwa kawaida ameshachagua kabla yako: "Bosi, chukua saba, tulia nayo." Bosi anachukua nane.

Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa kedi, hasa kwa sisi tunaocheza kandokando ya ziwa, ambako mchana upepo hauna mapumziko. Lakini zipo hali ambazo 8 inashinda waziwazi, na ipo namna ya kupiga 7 kwa "utulivu" ambayo ni mbaya kuliko 8 ya hasira. Kwa hiyo tuzilinganishe hali kwa hali.

Umuhimu wa mkwaju huu si wa kubuni. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alipochambua takwimu za PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, aliona kwamba kama asilimia 40 ya tofauti kati ya wachezaji bora na wenzao inatokana na mikwaju ya kuingilia grini. Pata, yaani kuusukuma mpira shimoni ukiwa tayari kwenye grini, ambayo sote huisingizia, ilichangia kidogo kuliko hiyo.

Kwanza, namba zako ni za kweli?

Ulinganisho wote huu unaanguka kama hujui fimbo zako zinafika wapi. Wastani wa aiani 7 kwa wanaume wa PGA Tour, kwa vipimo vya rada ya Trackman vilivyotumika kwa miaka mingi, ni yadi 172 angani. Kwa wanawake wa kulipwa wa LPGA ni 141. Kwa hiyo mchezaji wa Jumamosi ambaye 7 yake ni 140 hana sababu ya kuona haya, na anayejitangazia 175 pale baa ya klabu anastahili kuulizwa maswali mawili: je, amehesabu na kubiringika? Na je, ilimtokea mara ngapi?

Namba inayohitajika hapa ni umbali wa angani tu, yaani kutoka mpira unapopigwa hadi unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza. Bunka, yaani mtego wa mchanga, lililo mbele ya grini halijali mpira wako ungebiringika kiasi gani baada ya kulivuka.

Jambo la pili ni fimbo zenyewe. Wengi wetu tumeanza na seti za mitumba, nyingine zimeunganishwa kutoka mifuko mitatu tofauti. Namba iliyochapwa chini ya fimbo si kipimo. Aiani 7 ya seti za kisasa zilizotengenezwa kumsaidia mchezaji wa kawaida inaweza kuwa na pembe ya uso (jinsi uso wa fimbo ulivyolala) ya nyuzi 28 hadi 30, wakati 7 ya seti ya kizamani au ya wachezaji mahiri ni nyuzi 34 au zaidi. Tofauti hiyo ni zaidi ya pengo la kutoka fimbo moja hadi inayofuata. Mwenye mfuko wa kuokoteza anaweza kukuta 8 yake na 7 yake zinaenda umbali uleule, halafu kati ya 7 na 6 kuna shimo la yadi 20. Huyo hana haja ya kubishana kuhusu nguvu. Apeleke fimbo zikapimwe pembe, au apige mipira na kuhesabu hatua.

Halafu kuna mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kanuni ya haraka inayotumika ni kwamba kila mita 1,000 za mwinuko huongeza umbali kwa kama asilimia 4. Hivi ndivyo inavyomgusa mchezaji wetu wa mfano, kwa makadirio:

| Fimbo | Dar es Salaam | Ufukwe wa ziwa | Nairobi |
|---|---|---|---|
| Aiani 9 | 115 | 120 | 122 |
| Aiani 8 | 124 | 130 | 132 |
| Aiani 7 | 134 | 140 | 143 |
| Aiani 6 | 144 | 150 | 153 |

Mgeni kutoka kiwanja cha Lugalo, Dar, akija kucheza Kisumu au Entebbe ana zawadi ya yadi tano sita kwenye aiani za kati, ambayo ni karibu nusu ya fimbo. Anayetoka huku kwenda Dar anapoteza kiasi hichohicho, na ndiyo maana watu wa kanda ya ziwa wakishuka pwani hulalamika kwamba mipira "imekufa". Mipira ni mizima. Tena wengine huamini hewa yetu yenye unyevunyevu ni nzito na inakaba mpira. Ni kinyume, maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ingawa athari yake ni ndogo mno kuingia kwenye hesabu ya fimbo.

Njia ya kwanza: 8 kwa nguvu zote

Kuongeza yadi 5 kwenye 8 ya 130 kunataka kasi ya kichwa cha fimbo iongezeke kwa kama asilimia 4. Kwa maandishi ni kidogo. Tatizo ni kwamba 130 tayari ndiyo swingi yako kamili, yaani mzungusho wako wote wa fimbo, na asilimia hiyo nne unaitafuta mahali ambapo mwili hauna akiba. Mikono inabana fimbo, bega la kulia linatangulia, kichwa kinanyanyuka kwenda kuutazama mpira ambao bado haujaondoka. Mpira ukipigwa nje kidogo ya katikati ya uso wa fimbo, zile yadi tano ulizozinunua kwa jasho zinapotea pamoja na nyingine kumi.

Na angalia unapokosea. Swingi ya nguvu zote ina tokeo moja zuri tu, lile la kugonga katikati kabisa. Matokeo mengine yote ni mafupi, au yamekwenda kushoto. Wabunifu wa viwanja nao hupenda kuweka mabunka mbele na pembeni mwa grini. Kwa hiyo anayechagua 8 amechagua pia aina ya adhabu yake.

Faida yake ni ya kweli hata hivyo. Uso wa 8 umelala zaidi, mpira unapanda juu zaidi, unazunguka zaidi kwa nyuma, na unashuka wima kuliko wa 7. Ukitua, unasimama. Pia hauhitaji ufundi wa kupima, kwani ni swingi ileile moja. Kwa mtu aliyeanza gofu mwaka huu, kuwa na swingi moja tu kunaweza kuwa na thamani kuliko yote niliyosema hapo juu.

Njia ya pili: 7 kwa utulivu, na tafsiri zake tatu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu "tuliza" ina tafsiri tatu na moja ni sumu.

Ya kwanza ni kurudisha fimbo nyuma kama kawaida, halafu kupunguza kasi wakati wa kushuka. Mikono inapoa njiani, kichwa cha fimbo kinatangulia mikono au kinachimba ardhi kabla ya kuufikia mpira. Huu ndio mkwaju unaowafanya watu waseme "nilijaribu 7 polepole, ikaenda yadi 90, bora 8". Kweli, bora 8. Kama utulivu wako ndio huu, usisome zaidi, piga 8.

Ya pili ni kufupisha safari ya fimbo kwenda nyuma, mikono iishie usawa wa bega badala ya kupita kichwa, kisha kushuka kwa mwendo wako wa siku zote na kumalizia mkwaju vizuri. Kasi inapungua yenyewe kwa sababu njia ni fupi, wewe hujaigusa breki. Inafanya kazi, ila inataka mazoezi. Kile unachohisi kuwa ni asilimia 80 ya nguvu hakipunguzi umbali kwa asilimia 20. Mara nyingi kinapunguza kidogo tu, na wengine hushangaa mpira ukienda mbali kuliko swingi yao kamili kwa kuwa safari hii wameugonga katikati.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo haihitaji kipaji. Shika fimbo chini kidogo, kama sentimita 2.5 kutoka mwisho wa mpini, halafu piga swingi yako ya kawaida. Fimbo iliyofupishwa hivyo hupoteza kama yadi 4 hadi 5. Saba ya 140 inakuwa 135, na ndiyo namba tuliyokuwa tunaitafuta tangu mwanzo. Juu ya hilo, fimbo fupi ni rahisi kuidhibiti, kwa hiyo mpira unagongwa katikati mara nyingi zaidi. Sogea karibu na mpira kidogo kufidia urefu uliopungua. Basi.

Mpira wa 7 iliyotulizwa unaruka chini zaidi, unazunguka kidogo, na ukitua unatembea. Hilo ni jema au baya kutegemea kinachokungoja mbele, na huko ziwani kinachokungoja kwanza ni upepo.

Upepo wa ziwa

Anayeishi Mwanza anaujua utaratibu hata kama hajawahi kushika fimbo. Asubuhi na mapema hewa imetulia au inatoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda, nchi inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inanyanyuka, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Kuanzia saa nne au tano asubuhi upepo umegeuka, na alasiri unakuwa na nguvu. Jioni unalegea. Kwenye kiwanja kilicho ufukweni, shimo ulilolipiga saa moja asubuhi na lilelile saa nane mchana ni mashimo mawili tofauti.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni hiki: upepo wa mbele wa maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, huongeza umbali unaotakiwa kwa kama asilimia 10. Upepo wa nyuma wa kasi hiyohiyo hupunguza kama asilimia 5 tu. Upepo wa mbele unachukua mara mbili ya kile ambacho wa nyuma unakupa, na wachezaji wengi huvihesabu sawa.

Utajuaje kwamba ni kilomita 16 bila kifaa? Tazama ziwani. Vilele vya mawimbi vikianza kuvunjika na mapovu meupe yakaonekana hapa na pale, bendera nyepesi imenyooka na majani ya miti hayatulii, uko kati ya kilomita 12 na 19. Mapovu yakiwa mengi, na nchi kavu vumbi na karatasi zinanyanyuka, umeshavuka 20. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanasoma alama hizohizo kila siku, kwa sababu za maana kuliko zetu.

Sasa turudi kwenye yadi 135, upepo wa kilomita 16 usoni. Asilimia 10 inakupeleka 148. Ulinganisho wa 8 na 7 umekwisha, zote mbili hazifiki. Fimbo ni 6, imeshikwa chini kama sentimita moja tu. Na hapa tofauti ya nguvu ndiyo inayoonekana kuliko mahali pengine popote. Ukipiga kwa nguvu unaongeza mzunguko wa nyuma, na upepo wa mbele unakuza kazi ya mzunguko huo. Mpira unapanda kama tiara, unasimama hewani, unashuka nyuma ya mahali ulipotarajia. Mtu anayejibu upepo wa mbele kwa kuongeza nguvu anaupa upepo kitu cha kushika. Fimbo kubwa zaidi, yaani ya namba ndogo, swingi fupi, mpira chini. Ukiwa na shaka kati ya fimbo mbili kwenye upepo wa mbele, chukua nyingine inayokwenda mbali kuliko zote mbili.

Upepo wa nyuma unageuza meza. Zile 135 zinakuwa kama 128, na 8 ya kawaida, bila kukaza meno, inatosha kabisa. Tena upepo wa nyuma unaupunguzia mpira uwezo wa kusimama, kwa hiyo unahitaji ule mshuko wa wima. Saba iliyotulizwa hapa itatua na kukimbia hadi nyuma ya grini. Nane imeshinda, lakini kwa nguvu za kawaida.

Upepo wa ubavuni ni suala la muda mpira unaokaa hewani. Mpira wa juu wenye mzunguko mwingi unasukumwa mbali zaidi. Mimi huchukua 7, nashika chini, na kulenga ukingo wa grini upande upepo unakotoka.

Tahadhari moja inayohusu miamba. Mandhari ya Mwanza ni mawe ya granaiti makubwa kuliko nyumba, na popote palipo na jabali au ukuta wa miti, aliyesimama nyuma yake anahisi hewa imelala. Anachagua fimbo ya utulivu, mpira unavuka kilele cha jabali na kukutana na upepo wote. Kabla ya kuchomoa fimbo usirushe majani ya nyasi miguuni pako tu. Tazama vilele vya miti na bendera ya grini, ambako ndiko mpira unakokwenda.

Kiangazi na masika

Kuanzia Juni hadi Septemba ardhi ya huku inakauka na kuwa ngumu. Grini isiyomwagiliwa vya kutosha inaupokea mpira kama sakafu. Watu husema hapo 8 ya juu ndiyo jibu, na kwa shimo lenye bunka mbele kabisa ya bendera nakubaliana nao. Lakini mashimo mengi yana mlango ulio wazi mbele ya grini, na kwenye ardhi ngumu unaweza kuutumia. Tua yadi tano kabla ya bendera, mpira umalizie wenyewe. Ukitaka hivyo, 8 ya kawaida ya 130 kwenye bendera ya 135 imetosha, haina haja ya kulazimishwa. Naona wachezaji wakilazimisha yadi tano ambazo ardhi ingewapa bure.

Masika ni kinyume. Mpira unatua na kukwama papo hapo, mlango wa mbele hauna msaada, na unahitaji umbali wote angani. Saba iliyoshikwa chini inashinda bila mjadala, kwani grini laini inafuta ile kasoro yake ya kutembea baada ya kutua. Ardhi ikiwa tepetepe, swingi ya nguvu zote inachimba, na mkwaju ulioanza sentimita mbili nyuma ya mpira kwenye tope unaishia hatua thelathini mbele yako.

Radi ikilia, ulinganisho umesitishwa. Eneo la ziwa hili ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na hakuna aiani iliyotengenezwa kwa mbao.

Mpira ukiwa kwenye manyasi

Nyasi fupi zenye umande zikikaa kati ya uso wa fimbo na mpira hupunguza mzunguko. Mpira unatoka kwa kasi, unaruka mbali kuliko ulivyotaka, na hausimami. Kwenye hali hiyo 135 inaweza kupigwa kwa 8 ya kawaida, hata 9, na 7 ni hatari.

Nyasi ndefu na nene ni habari nyingine. Zinajisokota kwenye shingo ya fimbo na kuufunga uso kuelekea kushoto. Saba iliyotulizwa haina nguvu ya kupenya. Hapa ndipo mahali pekee ambapo natetea 8 kwa nguvu, mkono wa kushoto ukibana sawasawa, na matarajio yakiwa kufika mbele ya grini, si kwenye bendera. Kama mpira hauonekani ukiwa umesimama wima, weka zote mbili mfukoni, chomoa weji, ile fimbo fupi yenye uso uliolala zaidi, rudi kwenye nyasi fupi.

Na kama kilicho kwenye nyasi hizo ni kiboko? Sheria ya 16.2 inampa mchezaji nafuu bila adhabu pale mnyama hatari anapouzuia mpira kuchezwa. Klabu ya Jinja, upande wa Uganda, imepata umaarufu kwa kanuni yake ya kienyeji inayoruhusu kuuinua mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Swali la 8 au 7 lina wakati wake.

Grini iliyo juu au chini yako

Kadirio rahisi: kila yadi moja ya kupanda, ongeza yadi moja. Grini iliyo yadi tano juu yako inafanya 135 kuwa 140, ambayo ni 7 kamili bila kupunguza chochote. Hapo sipendi 7 iliyoshikwa chini, wala 8 ya kulazimisha, kwa sababu zote zinagonga ukingo wa kilima na kurudi. Grini iliyo chini yako, punguza vivyo hivyo, ila kumbuka mpira unakaa hewani muda mrefu na upepo unapata nafasi zaidi.

Wenye vifaa vya leza vya kupimia umbali wajue kwamba tangu 2019 sheria zinaruhusu kupima umbali, isipokuwa kamati ya mashindano ikikataza, lakini kipengele kinachohesabu mwinuko hakiruhusiwi kutumika.

Chini ya yadi 110

Ukishuka kwenye weji, ulinganisho unabadilika sura. Kati ya aiani 8 na 7 pengo ni yadi 10. Kati ya weji ya pitchi na weji ya mchanga linaweza kuwa 30. Sababu ni ileile ya pembe: pitchi za seti za kisasa zimesimama hadi nyuzi 44 au 43, wakati weji ya mchanga imebaki 56. Katikati kuna nyuzi 12 zisizo na mwenyewe. Bendera ikiwa yadi 95, pitchi yako inakwenda 110 na ya mchanga 80, kushika chini sentimita mbili hakutakufikisha.

Kulazimisha weji ya mchanga kutafuta yadi 15 ni kosa ambalo sina neno la kulitetea. Pembe ile kubwa inageuza nguvu kuwa urefu wa kwenda juu, si wa kwenda mbele. Zinabaki njia mbili. Moja ni kununua weji ya nyuzi 50, ambayo inaziba pengo hilo, ukikumbuka kwamba sheria inakuruhusu fimbo 14 tu. Aliye na mfuko uliojaa atoe ile fimbo ndefu asiyoipiga vizuri. Njia nyingine ni mtindo wa saa uliosambazwa na mwalimu Dave Pelz, aliyefanya kazi NASA kabla ya kuhamia gofu: jione umeegemea uso wa saa kubwa ya ukutani, kichwa kikiwa kumi na mbili na miguu sita, halafu pima mkono wa kushoto unaishia wapi unapoinua fimbo. Ukiishia usawa wa tisa una umbali mmoja, ukiishia kumi na nusu una mwingine, na swingi kamili ni wa tatu. Weji mbili zinakupa umbali sita unaoujua.

Kati ya hizo mbili, kwa mtu mwenye uwanja wa mazoezi karibu ningesema mtindo wa saa. Kwa anayecheza mara moja kwa mwezi akisafiri kwenda Kisumu au Entebbe, ningesema nunua weji. Hisia ya "tisa" inasahaulika ndani ya wiki tatu, lakini nyuzi 50 zitabaki 50.

Jaribio la kuamua

Kama bado unabisha, tafuta uwanja wa wazi, Ilemela au Nyamagana haijalishi, nyasi zikiwa fupi na watoto wa mpira wameshaondoka. Pima yadi 135 kwa hatua au kwa leza, weka mfuko wa fimbo uwe bendera. Piga mipira kumi kwa 8 ya nguvu zote, kumi kwa 7 iliyoshikwa chini, ukipishanisha moja moja ili uchovu usiipendelee fimbo yoyote. Fanya asubuhi, urudie saa tisa alasiri upepo ukiwa umeamka. Halafu hesabu mipira iliyotua ndani ya hatua kumi na tano kutoka kwenye mfuko, kila fimbo peke yake. Mmoja au miwili ya 8 itakuwa imetua karibu mno na mfuko, na utashawishika kuikumbuka hiyo tu. Hesabu yote kumi, pamoja na ile uliyolazimika kuifuata kwenye mahindi ya jirani.